Jokofu Kuukuu la Dukani: Linunuliwe au Liachwe?

Jua la kiangazi likishasimama utosini juu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwenye duka aliye na kinywaji baridi huuza, na asiye nacho hukaa akiwatazama wateja wakipita. Hiyo ndiyo sababu jokofu limekuwa ndoto ya wafanyabiashara wadogo wengi wa huko, na hasa lile la mlango wa kioo, ambalo rafu zake hupangwa soda, maji na maziwa, na juu yake au kando yake huwekwa kabati dogo la mandazi, sambusa na biskuti. Jipya ni ghali. Kwa hiyo macho ya watu huelekea Mbarara, ambako mafundi na wauzaji wa vitu vilivyotumika huyapanga majokofu makuukuu mbele ya maduka yao, yakiwa yamefutwa vumbi na kung'arishwa, kila moja likimsubiri mwenye akiba.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Familia iliyojinyima mwaka mzima hata ikapata fungu la fedha, je, ilitoe fungu hilo kununua jokofu lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, au ilizuie?

Makazi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea wakimbizi waliotoka Rwanda, nayo huhesabiwa miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000, wengi wao wakiwa Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa haki ya kufanya kazi na kuendesha biashara kwa kufuata sheria za nchi. Ndiyo maana katika Base Camp, Juru na Rubondo, sehemu tatu kuu za makazi hayo, yamejaa maduka, mikahawa, vinyozi na mashine za kusaga.

Lakini fedha haziko kama zamani. Mwezi wa Mei mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Jambo hilo lina pande mbili kwa mwenye duka. Upande mmoja humsukuma atafute njia ya kujitegemea haraka. Upande wa pili humpunguzia wateja wenye senti za kununua soda. Na akiba anayoishika mkononi si ya biashara peke yake: ndiyo ada ya shule, ndiyo nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Mbarara, ndiyo unga wa mwezi mbaya. Jokofu likifa katika wiki ya tatu, hayo yote hufa pamoja nalo.

Wala si wakimbizi peke yao wanaokabiliwa na jambo hili. Katika kambi ya Makenke mjini Mbarara, makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda, na katika nyumba za polisi za mji huo, wako akina mama wenye vibanda ambao waume zao wako kazini mbali. Kwao liko hata jambo la ziada, nalo ni uhamisho. Askari hupewa amri leo akaondoka kesho kutwa, na jokofu la kilo mia moja si begi la kutia kwapani.

NI CHUPA NGAPI ZITAKAZOONGEZEKA?

Huko Ulaya, Marekani na Japani iko mashine ya kuuzia isiyo na muuzaji. Mteja hutia fedha, hubonyeza kitufe, na kutoka katika kabati lile lile hupata soda baridi au paketi ya biskuti. Mashine hizo zikichakaa huuzwa kwa watu wenye mitaji midogo, na waliozoea biashara hiyo husema bei ya mashine si swali la kwanza. Swali la kwanza ni mahali itakapowekwa, na ni watu wangapi watapita mbele yake wakiwa na kiu. Nakivale haina mashine ya namna hiyo, kwani huko mama mwenye duka ndiye kitufe, ndiye sanduku la fedha na ndiye mlinzi. Swali la mahali, hata hivyo, ni lile lile.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuhesabu kila chupa iliyotoka dukani kuwa ni kazi ya jokofu. Sivyo. Duka lililokuwa likiuza chupa ishirini za vuguvugu kwa siku litaendelea kuziuza hizo hata bila jokofu. Kazi ya jokofu ni zile chupa za ziada tu, zile ambazo zisingenunuliwa kama si ubaridi. Hesabu ya kweli huanzia hapo.

Chukua mfano, na kila mtu aweke tarakimu za dukani kwake mahali pa hizi. Na iwe jokofu limepatikana Mbarara kwa shilingi 700,000. Gari la kulileta pamoja na wapakizi ni shilingi 60,000, kifaa cha kulilinda na umeme unaopanda na kushuka ni shilingi 60,000, na fundi wa kulikagua ni shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 850,000. Na iwe faida ya kila chupa ni shilingi 200, na mauzo yamepanda kutoka chupa 20 hadi 44 kwa siku. Chupa za ziada ni 24, na faida yake ni shilingi 4,800. Jokofu la kioo lililochakaa kidogo likila uniti tatu za umeme kwa siku, na uniti moja ikiwa shilingi 700, umeme utachukua shilingi 2,100. Zinabaki shilingi 2,700 kwa siku, au shilingi 81,000 kwa mwezi wa siku thelathini. Fedha za jokofu zitarudi baada ya miezi kumi na nusu, iwapo halitaharibika hata mara moja.

Sasa punguza jambo moja tu. Chupa za ziada ziwe 12 badala ya 24. Faida inakuwa shilingi 2,400, umeme ni ule ule shilingi 2,100, kwa kuwa jokofu halijui kama limeuza au halikuuza. Zinabaki shilingi 300 kwa siku, yaani shilingi 9,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo fedha zitarudi baada ya miaka karibu minane, na ni nani aliyewahi kuona jokofu kuukuu likiishi miaka minane katika kibanda cha mabati?

Kati ya mifano hiyo miwili tofauti ni chupa kumi na mbili kwa siku. Hizo ndizo zinazoamua, wala si ung'aavu wa kioo.

Hapo ndipo lile kabati la mandazi linapopata heshima yake. Mtu aliyekuja kwa soda baridi akikaa kwenye benchi huona njaa. Katika mfano wa kwanza, kama nusu ya wanunuzi wale 24 wa ziada watachukua kitafunio chenye faida ya shilingi 100, zinaongezeka shilingi 1,200 kwa siku, na umeme hauongezeki hata senti. Miezi kumi na nusu inashuka hadi saba na siku chache. Kwa hiyo anayepanga kununua jokofu bila kupanga kitakacholiwa pamoja na kinywaji ameacha sehemu ya faida yake mlangoni.

Tarakimu za dukani hazipatikani kwa kukisia. Zinapatikana kwa daftari la shule lenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya chupa zilizouzwa. Safu ya pili, ambayo ni muhimu kuliko ya kwanza, ni ya watu waliouliza, "Ya baridi iko?" wakajibiwa haipo, wakaenda zao. Daftari hilo lishikwe mwezi mzima na si wiki moja, maana soko la makazi lina kujaa na kupwa kama bahari. Siku za malipo ya fedha za chakula na siku za gulio huwa na shamrashamra. Wiki ya mwisho wa mwezi huwa kimya. Aliyehesabu siku za shamrashamra peke yake atajidanganya kwa kalamu yake mwenyewe.

Na liko jaribio la bei nafuu zaidi. Kabla ya kununua jokofu, inunuliwe sanduku la povu lenye kifuniko, na barafu itafutwe kwa wenye friza. Kwa majuma mawili soda zizamishwe humo na kuuzwa. Sanduku hilo litasema ukweli juu ya kiu ya mtaa kwa gharama ndogo kabisa, na hata kama jokofu litanunuliwa baadaye, halitatupwa, kwani siku umeme utakapokatika ndilo litakalookoa bidhaa.

UMEME UNATOKA WAPI?

Mfano uliotolewa juu ulichukulia kwamba nyaya za umeme zinafika dukani. Katika baadhi ya sehemu za makazi zinafika. Vijiji vingine vinaishi kwa taa za jua na jenereta. Jambo hili peke yake laweza kumaliza mjadala wote.

Jenereta dogo la petroli hula karibu nusu lita kwa saa. Likiwashwa saa nane kwa siku litakula lita nne. Lita ikiwa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 20,000, ilhali chupa 24 za ziada zilileta shilingi 4,800 tu. Mwenye duka atakuwa anapoteza shilingi 15,200 kila jua likichwa, huku wateja wakimsifu kwa soda yake baridi. Jenereta hufaa pale tu lilipokuwa tayari linafanya kazi nyingine, kama vile ya kinyozi, ya kuchaji simu au ya ukumbi wa kutazamia mpira, na jokofu likawa mgeni mezani.

Umeme wa jua nao una mtego wake. Muuzaji atasema, "Mzee, hili linakula wati 150 tu, sola yako itaweza." Wati 150 ni pale linapokwisha kuzunguka. Wakati wa kuanza, kompresa huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa sekunde moja au mbili, na inveta ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya televisheni huungua hapo hapo. Zaidi ya hayo jokofu hudai umeme usiku kucha, hivyo betri ni lazima ziwe kubwa, na betri nzuri yaweza kupita bei ya jokofu lenyewe. Yako majokofu yaliyoundwa kwa umeme wa jua moja kwa moja, yenye kuta nene, lakini hayo ni nadra kuyakuta kwenye foleni ya vitu vilivyotumika.

Pale ambapo umeme upo lakini hukatika mara kwa mara, friza la kufunguliwa kwa juu hufaa kuliko jokofu la kioo. Sababu yake ni nyepesi. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Mlango wa mbele ukifunguliwa humwagika chini kama maji, bali kifuniko cha juu kikifunguliwa hubaki ndani. Kuta za friza ni nene, ilhali kioo hupitisha joto mchana kutwa. Friza lililojaa huweza kushika ubaridi siku nzima bila umeme, na hutengeneza barafu ambayo nayo ni bidhaa. Kasoro yake ni kwamba halionyeshi kilichomo, na mteja hununua kwa macho. Kasoro hiyo huondolewa kwa kupanga chupa moja moja ya kila aina juu ya meza.

Neno moja kwa wale wanaotaka kuchanganya. Samaki wa ziwa Nakivale na maziwa ya Ankole ni neema ya nchi ile, lakini havilali chumba kimoja. Jokofu lililolaza samaki usiku mmoja litanukisha maziwa wiki nzima, na mteja wa chai hasamehi.

LA NANI HILO?

Mbele ya maduka mengi huonekana majokofu yenye rangi na nembo za makampuni ya soda. Aghalabu hayo si mali ya mwenye duka. Kampuni au wakala wake humkopesha muuzaji jokofu bila malipo, kwa sharti kwamba lijazwe vinywaji vya kampuni hiyo tu, na jokofu hubaki kuwa mali ya kampuni. Nyingi huwa na bamba lenye namba ya kulitambulisha.

Basi jokofu lenye nembo likiuzwa kwa bei ya kustaajabisha, swali si kama linapoza. Swali ni kama anayeliuza ana haki ya kuliuza. Duka likifungwa, mwenyewe akihama, wako wanaoona ni rahisi kuligeuza fedha kuliko kulirudisha. Mnunuzi akija kukutwa nalo, litachukuliwa, fedha zake hazitarudi, naye ataulizwa na polisi alilipataje, maana kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Kwa mkimbizi kesi ya namna hiyo ni balaa. Kwa familia ya askari ni aibu itakayofika hadi kwa mkuu wa kikosi. Bamba lililong'olewa, namba iliyokwaruzwa, au rangi mpya iliyopakwa juu ya nembo ni sababu ya kutosha ya kuaga na kuondoka.

Kwa upande mwingine, jambo hilo hilo lafungua mlango. Mwenye duka anayeuza kreti za kutosha kila wiki anaweza kumwendea wakala wa soda na kuomba akopeshwe jokofu badala ya kununua. Hapo lile daftari la safu mbili huwa shahidi wake. Atafungwa na sharti la kutoweka maziwa wala vinywaji vya kampuni nyingine, lakini akiba yake itabaki mfukoni, na matengenezo kwa kawaida ni juu ya mwenye mali.

Liko pia jambo la mpakani. Mwaka 2009 Uganda ilitunga sheria ya kupiga marufuku kuingiza nchini majokofu na friza zilizotumika, ili nchi isigeuzwe jalala la mitambo michakavu ya ng'ambo. Muuzaji anayejisifu kwamba jokofu lake limetoka Ulaya juzi tu anajisemea maneno yanayohitaji karatasi. Aulizwe kwa adabu, na karatasi zisomwe.

Walakini mali nzuri iliyotumika ipo, na mara nyingine iko karibu kuliko Mbarara. Familia zinazopelekwa kuishi nchi za mbali, au zinazohamia Kampala, huuza vyombo vyao ndani ya makazi yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa askari anayehamishwa. Jokofu ambalo mtaa mzima umelinywea soda kwa miaka miwili lina ushuhuda ambao hakuna fundi anayeweza kuutoa.

SIKU YA KULIKAGUA

Anayekwenda Mbarara aende na fundi wake, asitegemee fundi wa muuzaji, na aende asubuhi. Akifika, kabla ya kusema lolote juu ya bei, aweke kiganja juu ya kompresa, kile kibuyu cheusi cha chuma kilicho chini nyuma. Kikiwa na joto, jokofu limewashwa tangu alfajiri ili mgeni akute ubaridi tayari. Aombe lizimwe, mlango uachwe wazi, na arudi baadaye. Jokofu lijaribiwe likianzia kwenye joto.

Kisha lisomwe bamba. Volti ziwe 220 hadi 240 na herzi 50. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 110 hadi 120, na likichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Uganda huungua. Kama wati hazikuandikwa, ampea zizidishwe kwa 240 ili kupata kadirio la juu. Bamba hilo hilo hutaja gesi. Likitajwa R12, jokofu ni la zamani mno. Gesi hiyo iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliamua iachwe, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuikomesha. R134a ni ya kawaida na mafundi wengi wanaijua. R600a hutumia umeme kidogo, lakini inashika moto, hivyo haifai kuchezewa na fundi mwenye tochi ya kulehemu asiyeielewa, wala isijazwe gesi nyingine mahali pake.

Mpira wa mlango hukaguliwa kwa noti. Noti ya shilingi elfu moja ibanwe mlangoni, kisha ivutwe. Ikikataa kutoka bila nguvu, mpira ni mzima. Ikiteleza, ubaridi nao unateleza hapo hapo mchana kutwa. Jaribio lirudiwe pande zote nne, hasa chini kwenye pembe, ambako mpira hutangulia kufa. Mipira hubadilishwa, na bei yake itolewe katika bei ya jokofu.

Nyuma, kwenye mabomba membamba, yatafutwe madoa ya mafuta kwenye maungio. Gesi inapovuja hutoka na mafuta kidogo, na vumbi hunata hapo. Rangi mpya iliyopakwa nyuma peke yake, mahali ambapo hakuna mteja anayetazama, huficha kitu. Jokofu likiwashwa, lisikilizwe. Kompresa nzima huanza mara moja na kunguruma kwa utulivu. Inayotoa mlio wa "tak" na kunyamaza, kisha baada ya dakika chache ikarudia, imeshindwa kuanza, na yaweza kuwa ni kifaa kidogo cha kuiwashia au ni kompresa yenyewe. Kompresa ndiyo moyo. Bei ya kuibadilisha yaweza kukaribia nusu ya bei ya jokofu zima.

Zitiwe ndani chupa sita za maji ya kawaida, mlango ufungwe, na watu wakanywe chai. Baada ya saa tatu au nne maji yawe baridi, na mashine iwe imewahi kujizima yenyewe walau mara moja. Inayozunguka bila kupumzika ama ina upungufu wa gesi, ama kidhibiti joto kimekufa, na vyovyote iwavyo italipiwa na mwenye duka kila mwezi katika umeme. Ukiwepo umande mgandamano sehemu moja tu ya bomba la ndani na kwingine hakuna, gesi imepungua. Muuzaji atasema, "Mama, ni gesi tu, inaongezwa." Gesi haiishi kwa kutumiwa kama mafuta ya taa, imezungushiwa ndani, na ikipungua imevuja. Kuongeza bila kuziba tundu ni kumwaga fedha hewani.

Asiyeruhusiwa kufanya majaribio hayo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

NYUMBANI, KABLA YA KUTOA FEDHA

Mara nyingi jambo hili huleta mvutano wa mume na mke. Baba husema, "Mama watoto, bei hii hatutaipata tena." Mama, ambaye ndiye ashindaye dukani, hujibu, "Baba, na hiyo soda ya kulijaza itatoka wapi?" Jibu la mama ndilo lenye uzito. Jokofu la chupa mia na hamsini linataka kreti zaidi ya sita, kila moja ya chupa ishirini na nne, na chupa za vioo hudaiwa rehani ya chupa tupu. Mwenye shilingi 850,000 kamili hana fedha za jokofu. Ana fedha za kabati tupu linalokula umeme. Zigawanywe akilini kabla ya safari: za jokofu, za kulijaza, na za ugonjwa, na fungu la tatu lisiguswe.

Mkopo nao uangaliwe kwa jicho kavu. Vikundi vya kuweka na kukopa viko tele Nakivale. Wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Kukopa kununua bidhaa inayouzwa ndani ya wiki mbili si sawa na kukopa kununua mashine itakayorudisha fedha baada ya mwaka. Ikiwa marejesho ya kila mwezi yanapita zile shilingi 81,000 za mfano, au tarakimu yoyote iliyotoka katika daftari la dukani, basi tofauti itatolewa katika sufuria ya watoto.

Na wako ambao hesabu itawaambia waziwazi kwamba fungu lile lile likitiwa katika unga, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia litazunguka mara nyingi kwa mwaka bila kuhitaji umeme, fundi wala gesi. Kwa kijiji kisicho na nyaya, hilo ndilo jibu, na sanduku la povu laweza kukamilisha kazi siku za gulio. Jokofu ni la yule mwenye umeme wa uhakika, mwenye safu ya pili ya daftari iliyojaa, na mwenye kubakiwa na fedha baada ya kulinunua. Akikosa moja katika hayo matatu, asubiri.

Aliyetimiza yote na akaamua kununua, aandike hati. Iwe na majina ya pande zote mbili, namba iliyo kwenye bamba la jokofu, bei, tarehe, na muda wa dhamana hata kama ni wiki mbili tu, na itiwe saini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa wa muuzaji. Sehemu ya fedha ibakizwe hadi dhamana iishe, muuzaji akikubali. Wengi hukubali wakiona mnunuzi yuko tayari kuondoka.

Kutoka Mbarara hadi Nakivale, baada ya lami ya Isingiro, ziko kilomita nyingi za vumbi na mashimo. Jokofu lisafiri likiwa limesimama, limefungwa kamba, na kioo kimetandikiwa blanketi. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia katika mabomba, na kuliwasha papo hapo ni kuliua. Likifika liwekwe mbali na jiko na mbali na jua, limeinuliwa juu ya matofali, nyuma yake pakiachwa nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani ili joto lipate pa kutokea. Watoto wa jirani watakuja kulitazama na kuuliza soda iko wapi. Lisichomekwe. Liachwe limesimama hadi kesho yake, kisha liwashwe likiwa tupu kwa saa kadhaa, na jioni zitiwe chupa ishirini na nne tu, zile ambazo daftari limekwisha kusema zitauzwa.